Globu Nyeupe

Ipo jioni moja ya Julai ambayo hainitoki, mwanangu, na swali lako la juzi limeirudisha. Umenunua gari, unataka kupanda nalo Moshi Krismasi hii ili nawe uhesabiwe kama Wachagga wenzako, na unaniuliza uweke globu zipi za taa za mbele zenye mwanga mkali zaidi. Mimi si mzee wa kutosha kutoa nasaha. Mvi zangu ni chache, na goti linaloniuma ni moja tu. Lakini kuhusu globu ninalo la kusema.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kufundisha chuo mjini, nina pikapu kuukuu yenye taa za njano, zimelegea kama macho ya mtu aliyeamshwa. Nikaenda mtaa wa Majengo, kwenye duka la vipuri. Muuzaji akanishikisha globu nyeupe.

"Mwalimu, ukiwasha hizi hata mchawi atakupisha."

Mtu mwenye shahada nikacheka, nikanunua.

Babu yako aliziona siku ileile nilipoingiza gari uani. Alisimama mlangoni amekunja uso.

"Taa hizi unatafutia nini, mwanangu? Kuna kitu umeangusha kule juu mlimani?"

"Ni za kisasa, Baba. Naona mpaka kona ya kanisa."

"Wewe unaona. Anayekuja mbele yako je? Hizi zinamtazama mtu usoni. Rudisha zile za kwanza."

Nikamweleza habari za mwanga na namna unavyosafiri. Nilisomea fasihi, mwanangu, lakini siku hiyo nilimfundisha mzee fizikia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kumpa ng'ombe majani.

Siku zilizofuata niligundua jambo la kufurahisha. Karibu kila niliyekutana naye barabarani jioni aliinua mkono. Akina mama wenye mizigo ya majani kichwani, vijana wa bodaboda, hata wazee ambao zamani walikuwa hawanijali. Nikajiona nimekuwa mtu wa watu. Nami, kwa adabu niliyolelewa nayo, nikawa nawajibu kwa honi.

Jioni hiyo ya Julai ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, na manyunyu yakawa yanaanguka. Mwanga wangu mweupe uligonga ukungu ukanirudia usoni, nikawa naendesha kama niliyefunikwa shuka. Nikawasha taa za juu, nikidhani nitauchoma. Karibu na mfongo, ule mfereji unaoleta maji ya mlimani mashambani kwetu, nikamwona Baba kando ya barabara. Mimi napanda kwenda nyumbani, yeye anateremka kwenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Akainua mkono. Nilifurahi kuliko siku zote: hatimaye Baba amelikubali gari. Nikapiga honi mara mbili, nikapita.

Nyumbani Mama alikuwa ameivisha kiburu cha ndizi na maharage. Kikapoa tukimngoja Baba. Aliyekuja ni jirani yetu, Mama Aika, kanga imemlowa.

"Mzee yuko mfongoni," akasema. "Mguu haumtii."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia nilikuwa mimi, na guu lililovunjika lilikuwa la mkuu mwenyewe.

Hospitalini, Mama alipotoka kutafuta maji ya kunywa, nilimwinamia Baba kitandani.

"Pole, Baba. Mbona ulinipungia mkono vizuri tu?"

"Kumbe ulikuwa wewe? Sikukupungia, mwanangu. Nilikuwa naziba macho. Ningempungiaje mtu nisiyemwona?"

Mikono yote ya barabara ile ikanirudia, mmoja mmoja.

Mama aliporudi alimwuliza tena ilikuwaje akaanguka.

"Niliteleza," Baba akasema, macho yake yako kwangu. "Matope yale."

Hakutembea tena. Kulala sana kulimharibia mapafu, na kabla msimu wa kahawa haujaisha tulimzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba aliyoipanda. Wasifu wa marehemu niliuandika na kuusoma mimi, kwa kuwa ndimi msomi wa ukoo. *Aliteleza.* Sijawahi kuandika sentensi fupi kuliko ile, wala nzito kuliko ile. Mama naye alikuja kuzikwa akiiamini. Zile globu nilizitoa kesho yake baada ya ajali. Utii wangu haukukosa bidii, ulikosa wakati.

Basi nisikilize. Weka globu za kipimo ambacho gari lako lilitengenezewa, zisizidi. Mwambie fundi azielekeze barabarani, si kwenye nyuso za watu. Ukungu wa kwetu hauchomwi kwa mwanga. Shusha taa, punguza mwendo. Na ukimwona mtu wa miguu, usingoje ainue mkono. Sisi wenye magari hudhani giza ni shida yetu peke yetu, kumbe mwenzetu alikuwa amekwisha kulizoea, anatembea zake salama, mpaka tulipofika.

Mungu akupandishe salama, mwanangu. Akupe mwanga wa kukutosha wewe bila kumpofusha mwenzako, na kila atakayekuinulia mkono njiani awe kweli anakusalimu.