Mkanda wa Saba

Kama ulipita Mkomaindo, pale Masasi, enzi zile za ruksa, wakati kila mwenye gunia mbili tatu za korosho alijiona tajiri, bila shaka uliusikia mdomo wa Jafari Dadi kabla hujamwona mwenyewe. Alikuwa mfasiri katika banda la video la Alfani, mnunuzi wa korosho aliyeamua kuleta televisheni na jenereta badala ya kuoa mke wa tatu, na wengi tulimsifu kwa uamuzi huo. Jafari aliketi pembeni ya televisheni na kipaza sauti, akawasemea Wazungu wote waliomo ndani: mwanaume, mwanamke, mtoto, hata mbwa akibweka alimfasiri.

Kiingereza chake, tuseme ukweli, kilikuwa cha kuokoteza. Alikipata katika karakana moja huko Ndanda, alikokuwa akiwashikia taa mafundi walioingia chini ya magari. Alijua spana, alijua gasketi, na matusi aliyajua vizuri mno. Mengine aliyajazia mwenyewe. Watu walijua kwamba anajazia, wakanyamaza, kwa sababu kujazia kwenyewe kulikuwa kutamu.

Nyumbani kwao Lisekese alikaa na mama yake, Bi Stamili. Jina hilo hakuna aliyelitumia. Aliitwa Mama Sharifu, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama adabu inavyotaka. Na Sharifu huyo ndiye aliyekwenda Tunduru wakati watu walipopatwa na wazimu wa vito, akaingia mashimoni na wenzake. Mvua ikanyesha, shimo likaporomoka. Wenzake wawili waliorudi walisema alikuwa chini. Mwili haukupatikana, na kule hakuna aliyejisumbua kuutafuta.

Bi Stamili alikataa. Alisema mtoto wake hajafa mpaka amwone. Kila asubuhi alikunja mkeka wake, akaenda kukaa barabarani pale magari ya Tunduru yanaposhushia abiria, akatazama kila uso uliotelemka. Watu walimpitia wakiamkia, shikamoo Mama Sharifu, marahaba wanangu, na kila salamu ikamtajia yule yule anayemngoja. Jioni alirudi, akamega ugali tonge mbili, uliobaki akamfunikia mtu ambaye hayupo. Mwaka wa kwanza watu walisema ni uchungu, utapoa. Mwaka wa tatu mifupa ya mabega ilikuwa inainua khanga. Jamani, kumwona mama yako anaisha mbele yako, na ugali upo ndani, si jambo la kusimulia kwa raha. Jafari alikuwa na haja moja tu duniani: mama yake amlie Sharifu, amalize, ale.

Basi Alfani akawa analeta kutoka Dar es Salaam, mmoja mmoja, mikanda ya mfululizo mmoja, kumi na miwili, juu ya kijana mmoja wa Kizungu anayerusha radi kwa viganja vya mikono. Sisi tulimwita Mwana Radi, jina lake halisi hatukulijali. Kijana huyo alikuwa na kaka, Deni, mwenye kovu shavuni, asiye na nguvu zozote ila moyo. Masasi nzima ilimpenda Deni kuliko huyo mwenye radi. Jua lilipokuwa kali Jafari alimwita mama yake aje akae kivulini bandani, karibu na mlango, asikie magari yakifika. Alikuja kwa ajili ya kivuli. Baada ya mikanda mitatu alikuwa anatandika mkeka mbele kabisa.

Mkanda wa sita uliishia Deni akiwa ndani ya mgodi, na mgodi ukamwangukia. Bi Stamili aliinuka, akatoka.

Mkanda wa saba, siku ilipofika, mashine iliutafuna. Picha ilionekana kidogo, ikawa chenga tupu. Banda limejaa hadi dirishani, watu wameacha shughuli zao, na Alfani akamnong'oneza Jafari aseme chochote, mradi watu wasivunje benchi. Jafari akashika kipaza sauti. Akawaambia wasiwe na wasiwasi, yeye mkanda huu aliutazama jana wakati wa kuujaribu, atawasimulia wote kama ulivyo.

Na akasimulia. Mola amsamehe, siku ile alisimulia mpaka wanaume wazima wakajifuta macho kwa mikono ya mashati. Alisema wamechimba wasimwone Deni. Alisema wazee wa Kizungu wakakaa, wakakumbuka kwamba mtu akipotelea mbali huzikwa nguo yake aliyoivaa, msiba ukawekwa, roho za watu zikatulia. Wakazika koti la Deni. Mama yake akalia kwa sauti, akanyoa nywele, siku ya tatu akainuka akapika, akala. Jafari alisema hayo yote akitazama chenga za televisheni, maana angemtazama mama yake asingeweza.

Usiku ule Bi Stamili hakufunika chakula. Alisema mama yake Deni ni mwanamke mwenye akili, kisha akauliza kama shati la Sharifu la bluu bado limo kwenye sanduku. Wazee wa ukoo walikubali, desturi hiyo waliijua tangu zamani ila ilikuwa imesahauliwa kidogo. Shehe alikataa kuswalia shati, akakubali kusoma dua. Petro fundi baiskeli, Mkristo wa watu, ndiye aliyechimba zaidi ya wote. Wakalizika nyuma ya nyumba, Bi Stamili akalia kilio cha miaka mitatu kwa siku tatu, na siku ya nne akaomba uji. Alikula! Miezi miwili hakwenda barabarani. Shingo yake ilianza kujaa, akaanza hata kumgombeza Jafari kwamba haoi. Jafari alizipokea lawama hizo kwa furaha kubwa.

Mkanda wa kumi na mbili ulichelewa kufika, na ulipofika banda lilitapika watu. Ulikuwa mchana baada ya swala, vumbi la kiangazi limetanda. Radi zikapigwa, majengo yakaanguka, Jafari anawasemea wote jasho likimtoka. Kisha, mwishoni kabisa, mlango ukafunguka kwenye televisheni akaingia mtu amevaa koti, ana kovu shavuni. Mama yake akamkimbilia.

Jafari alinyamaza. Banda lote likageuka kumtazama, kwa sababu mfasiri hanyamazi. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba huyu ni pacha wa Deni, alikuwa masomoni.

Sasa, kwetu picha ikiisha watu hawaondoki. Jenereta linazimwa, mihogo ya Josephina pale mlangoni inanunuliwa, halafu picha inapepetwa. Ndivyo tulivyoita, kupepeta, na hakuna pumba lililopona. Petro ndiye aliyekuwa hakimu, mtu aliyezoea kuisikiliza baiskeli mpaka aone nati ipi imelegea. Siku ile walianza na madogo. Mwana Radi aliambiwa mkanda wa pili akilowa anakwisha nguvu, imekuwaje leo anapigana kwenye mvua? Mtu anayeruka angani, kwa nini mkanda wa nne alipanda basi akachelewa? Wakaja kwa adui mkubwa, ambaye ni mjomba wake. Hapo wazee walipinga kwa ghadhabu ya kweli kweli. Mjomba ndiye mwenye mtoto, mali ya mjomba ni ya mpwa, atampiga vita mtu ambaye ndiye mrithi wake? Mmoja alisema aliyetunga hadithi hii hana wajomba, na watu wakakubali kwamba hiyo ndiyo sababu.

Jafari alicheka pamoja nao kwa nguvu kuliko inavyofaa. Alikuwa anazungusha waya wa kipaza sauti mkononi, anaufungua, anauzungusha tena. Mama yake alikuwa bado kwenye mkeka, hajatikisika.

Ndipo wakafika kwa pacha. Petro aliuliza tangu lini mapacha wakazaliwa na kovu la kisu lile lile, shavu lile lile. Jafari akajibu kwamba wote wawili walikatwa na mjomba. Josephina akasema kwamba yeye Kiingereza hajui, lakini mama mtu alipomkumbatia alimwita Deni mara tatu, na jina hilo halihitaji mfasiri. Jafari akasema basi huenda Mwana Radi amemfufua. Petro akatikisa kichwa. Kama anafufua, baba yake aliyekufa mkanda wa kwanza amemwachia nani? Wakazidi kuvuta uzi huo, kila mtu na wake, kwa raha kubwa, macho yanawang'aa. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wanafanya kazi waliyoipenda na walikuwa hodari nayo.

"Tumeona mikanda kumi na mmoja kwa macho yetu," Petro akasema mwishoni. "Kitu kimoja tu hatukukiona. Mazishi."

Bi Stamili akageuka polepole kwenye mkeka wake.

"Jafari mwanangu," akasema. "Ulimwona akizikwa?"

Angeweza kuapa. Watu walikuwa tayari kumwamini, maana mfasiri anaaminiwa hata akikosea. Aliufungua mdomo uliokuwa umewasemea maharamia na malaika, na kwa mama yake haukumletea uongo hata mmoja.

"Sikumwona, mama. Mkanda uliharibika kabla sijautazama."

Banda lililipuka kwa kicheko. Petro alikuja kumshika mkono, akamwambia kwamba hiyo ndiyo hadithi nzuri kuliko zote alizowahi kufasiri, na kwamba Wazungu wangefanya busara kuifuata. Wengine walimpiga mgongoni. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka shati la bluu, hata Petro aliyechimba. Bi Stamili alikunja mkeka, akatoka nje, akapita katikati ya watu wakimwamkia.

Jafari alimkuta nyumbani ameketi kizingitini. Alijieleza mpaka akakauka koo. Picha ni picha, wale ni watu wanalipwa wafe na wanalipwa wafufuke, Deni mwenyewe hajawahi kuwapo. Sharifu wao ni mwingine. Wenzake walikuwapo, walimwona akishuka. Mama yake alimsikiliza kwa upole, kama anavyosikilizwa mgonjwa wa homa.

"Kuzika nguo ulikutoa wapi?" akamuuliza.

"Ni desturi yetu mama. Hata wazee walisema."

"Miaka mitatu wazee walikuwapo, na wewe ulikuwapo. Mbona mliikumbuka siku ile tu?"

Desturi ilikuwa ya kweli, kifo cha Sharifu kilikuwa cha kweli, kilio cha mama yake kilikuwa cha kweli kuliko vyote. Lakini Jafari alikuwa amevijenga vyote juu ya mkanda uliotafunwa, na sasa hata ukweli wake ulinuka uongo. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila hawakutuambia kwamba huwa anaitembea na wenziwe.

"Asubuhi chukua jembe," mama yake akasema. "Kamfukue kaka yako."

Alikataa. Alimwambia hilo ni jambo zito, watu watasema, shehe atakasirika. Akampigia magoti, mwanaume mzima mwenye ndevu, akamwomba amwachie kaka yake apumzike. Bi Stamili akasema hewala, atachimba mwenyewe. Na alfajiri Jafari alipomwona ameinama nyuma ya nyumba, analivuta jembe kwa mikono ile iliyokuwa imeanza tu kupata nyama, alikwenda akampokea.

Hakukuwa na kina kirefu. Udongo wetu mwekundu ni laini chini, na mchwa wake hawana mchezo. Jafari alichimba akitarajia kuliona shati, akitarajia kulikung'uta, kumkabidhi, labda angelishika na kulia tena, labda wangelirudisha pamoja. Alipofika mwisho alikuta mchwa wamelimaliza. Ukosi haupo, mikono haipo. Palikuwa na udongo uliochambuliwa na vifungo vinne.

Akaona aibu ya kuinua uso. Alidhani atasikia kilio.

Bi Stamili alichuchumaa ukingoni, akachungulia mle ndani kwa makini, upande huu na upande huu, kama mwanamke anayetafuta sindano iliyodondoka. Kisha akasimama, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo Jafari hakuiona tangu kaka yake alipoondoka.

"Umeona?" akamwambia. "Hayumo."

Akamwomba apafukie, watoto wa jirani wasije wakatumbukia. Uji uliokuwa jikoni akaufunika kwa sahani bila kuuonja, akachukua mkeka wake, akashika njia ya barabarani kabla gari la kwanza halijafika.