Macho ya Mzee Aliyenikabili

Nilianza darasa la luti siku ya Jumatano, tarehe 7 Oktoba 1998, katika ukumbi mmoja wa Walthamstow, Uingereza. Luti ni ala ya nyuzi, ndugu wa udi, ila shingoni imezungushiwa nyuzi zinazoonyesha pa kubonyeza. Marehemu mume wangu alikuwa mpiga udi aliyeheshimiwa Unguja. Sikukubali mjane wake aonekane mzembe mbele ya Waingereza.

Tulikuwa wanafunzi watano, na muziki wetu, wa Ulaya ya miaka mia nne iliyopita, ulihitaji wapigaji wanne. Mwalimu alitangaza kwamba katika onyesho la Jumamosi, tarehe 12 Disemba, mmoja wetu atageuza kurasa. Nikajua anayeandaliwa kazi hiyo ni mimi.

Kitabu kilikuwa kimoja, kimelazwa katikati ya meza, na kila sehemu ya muziki imepigwa chapa kumwelekea mpigaji wake. Aliyenikabili alikuwa mzee mmoja, karani mstaafu. Hakutazama sehemu yake. Alitazama yangu, kichwa chini miguu juu, kisha vidole vyangu. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na moja. Mtu anayehesabu makosa yangu namtambua hata akitabasamu.

Nilipomsimulia binti yangu nyumbani, alisema, kwa Kiingereza chake, kwamba mzee ananitaka.

"Nyamaza," nilimwambia. "Anataka kiti changu."

"Si anacho chake, mama?"

"Basi anamtafutia rafiki yake."

Tarehe 25 Novemba mwalimu alinihamishia upande wa dirisha. Hata mstari wa pili haujaisha, mzee alikuwa amekwisha kupotea. Tulianza upya mara tatu. Wakati wa chai alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Bibi, sikio langu la kushoto limekufa, na la kulia halisikii nyuzi nene. Nikiona vidole vyako najua tumefika wapi. Tafadhali usimwambie mwalimu."

Sikumwamini. Tuliporudi ukumbini nilipita kushoto kwake nikasema, "Kamba ya kiatu chako imefunguka." Hakuinama. Mwalimu, hatua nne mbele, ndiye aliyeangalia viatu vyake.

Kisha mwalimu akamwambia mzee, kwa upole, kwamba huenda kugeuza kurasa kutamfaa zaidi. Ningenyamaza tu, kiti changu kingekuwa salama. Mzee alikuwa akinitazama mdomoni.

"Mwalimu," nilisema, "kule dirishani mwanga unaniumiza macho. Turudishe tulivyokuwa, tupige mara moja, ndipo uamue."

Tulipiga mpaka mwisho bila kusimama. Kurasa akapewa mwenzetu mmoja, bibi aliyekuwa akichelewa kila Jumatano.

Tarehe 12 Disemba niliinua vidole juu kuliko muziki ulivyohitaji, na mwalimu akanilaumu baadaye kwamba mkono wangu umeharibika. Mzee hakupotea hata mara moja. Lakini makosa yangu mawili ya siku ile, nina hakika aliyaona.