Glenys na Gari la Taka

Jirani yangu Glenys Ormerod alishona viatu vya manyoya vya kuvalia nyumbani tangu amalize shule mpaka kiwanda kilipofungwa, na hapa Bacup, mji wetu wa bondeni kaskazini mwa Uingereza, hiyo si habari. Nusu ya akina mama wa mtaa wetu wamepinda vidole kwa kazi hiyo hiyo. Habari ni kwamba halmashauri ililichukua lile jengo la kiwanda, ikalipaka rangi ya chungwa, ikabandika mlangoni: UKUAJI WA UCHUMI KWA WOTE. Wote! Wale wale waliotolewa mlango wa nyuma wakakaribishwa mlango wa mbele, wafundishwe kutafuta kazi. Nilicheka mpaka nikamwaga chai.

Glenys hakucheka. Mumewe alishafariki, kodi ya nyumba ilimkaba koo, na dada yake Maureen kule Blackpool alishamwandalia chumba. Ungemjua Maureen ungeelewa. Ni mtu wa kukukosoa hata unavyopumua, na ana kasuku anayemsaidia.

"Nisipopata kazi kabla ya Pasaka, narudisha funguo naenda kwa yule mwanamke," Glenys aliniambia juu ya ukuta wa uani. "Heri mnizike."

Basi akajiandikisha kujifunza udereva wa malori, maana kile kituo cha rangi ya chungwa kilikuwa kinafundisha bure. Mtaa mzima ulimcheka, na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Akafeli, akafeli tena, kisha akapata leseni. Muda si muda, halmashauri ikatangaza nafasi ya dereva wa gari la taka.

Hapo ndipo kituo kilipotaka kumharibia. Walikuwa na mwalimu wao, Bi Tamsin, kaja kutoka kusini na meno mengi kuliko mdomo, kazi yake kufundisha watu kujinadi. "Sema, mimi ni kiongozi! Sema, nina shauku!" Jamani, bonde letu hili mtu hajisifu. Umeshinda bahati nasibu, ukiulizwa hali unajibu, si mbaya. Binti akihitimu udaktari, mama yake anasema anajitahidi. Anayejisifu tunamwona tapeli, au kalewa.

Siku ya usaili akakutana na Mzee Hindle, mkuu wa yadi ya magari ya taka, mzaliwa wa hapa hapa, uso wake haujui kicheko. Glenys mwenyewe alinisimulia, huku akijishika kichwa kwa aibu.

"Kwa hiyo unaweza kuendesha?" Hindle akamuuliza.

"Mimi ni dereva wa kipekee. Na nina shauku ya taka."

"Una nini?"

"Shauku."

Hindle akaweka kalamu mezani. "Mama, umekunywa kitu?"

"Mimi ni kiongozi," Glenys akasema, ila sauti ilishaanza kufifia.

"Asante. Tutakutafuta."

Nani asiyejua maana ya tutakutafuta? Glenys akanyanyuka, akafika mlangoni, akamkumbuka kasuku. Akageuka.

"Sikiliza bwana. Huo wote upuuzi, nimefundishwa. Nimefeli mara mbili kabla ya kupata hiyo leseni. Kurudi nyuma na lori naweza. Si mbaya."

"Si mbaya?"

"Si mbaya."

"Sasa si ungesema toka mwanzo! Njoo kesho asubuhi tukuone."

Kesho yake, katika mitaa yote ya mji huu, Hindle akapanda naye, akamwelekeza mtaani kwetu. Mtaa wetu ni mwembamba, unapanda mlima, magari yamepaki pande zote mbili, na juu hakuna pa kugeuzia, kwa hiyo gari la taka lazima lipande kinyumenyume. Dereva aliyepita aliondoka na kioo cha gari la Stan muuza nyama. Nikasikia ule mlio wa kurudi nyuma, nikatoka mbio na gauni la kulalia, kikombe mkononi.

"Glenys! Ukiligusa gari langu nitakunyonga!"

"Funga bakuli lako, niko kazini!"

Mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yake. Lori likapanda, likasimama, likapanda tena. Mapazia yote yamefunguka. Kila nikiutazama mdomo wake unacheza, sijui alikuwa anasali au anatukana. Mimi niliyemcheka majira yote ya baridi nilisimama pale nimelowa chapachapa, namwomba Mungu alisaidie lori la taka.

Likafika juu. Hindle akashuka, akatembea taratibu akikagua kioo cha kila gari, changu kikiwemo. Akarudi.

"Nimeshaona wabaya zaidi," akasema. "Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe."

Bonde hili halina sifa kubwa kuliko hiyo. Glenys akampa mkono, akazunguka nyuma ya lori alikodhani hatumwoni, akaegemea pipa la taka akalia kwa kwikwi. Nikamfuata. Machozi yalikuwa yananitoka na mimi, nikasingizia mvua. Akachukua kikombe changu, akanywa chai yote bila kuomba, kisha akampigia simu dada yake.

"Maureen? Kile chumba mpe kasuku," akasema, akakata.