Marehemu Aliyenisindikiza

Alama zangu za chuo zilishuka kila mwaka, tena kwa utaratibu, bila kuruka ngazi. Mwaka wa kwanza nilikuwa miongoni mwa wanafunzi ambao majina yao yalisomwa kwa sauti. Mwaka wa pili nikawa wa katikati. Mwaka wa tatu nilimaliza shahada yangu ya biolojia nikiwa nimeshika mkia, nikashukuru kwamba angalau bado kulikuwa na kitu cha kushika. Alama zikianza chini na kuishia juu, watu husema huyu amekomaa. Zangu zilisema nini, niliogopa hata kuuliza.

Hata hivyo niliomba kusomea udaktari. Zipo nafasi chache za watu wenye shahada tayari, na kazi hiyo nilikuwa nimeitamani muda mrefu kiasi kwamba kutoomba kungenitesa kuliko kukataliwa. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa kwenye maabara ya zahanati moja ndogo ya Bwera, nikipima malaria za watu wa pande zote mbili za mpaka wa Kongo. Nilijaza maombi yangu kwa mkono mtulivu mpaka nikafika mahali palipotaka nieleze kwa nini alama zilishuka. Hapo nikaandika “changamoto za kifamilia,” nikatuma haraka kabla akili haijanirudia.

Familia yangu haikuwa na changamoto yoyote. Baba na mama wanaishi Nyakalengija, wanalima kahawa. Zamani baba alikuwa akibeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima, siku hizi magoti yake yamekataa. Wanagombana juu ya kuku wa jirani, basi. Hakuna aliyekuwa ameugua, hakuna aliyekuwa amefukuzwa, hakuna aliyekuwa amekufa.

Habari ya kuitwa kwenye usaili ilinifikia nikiwa nakunywa chai, na furaha yake haikumaliza hata kikombe. Wataniuliza changamoto gani. Tangu siku ile, simu ikiita nashtuka. Kazini nilikuwa nasoma kipimo kimoja mara tatu kwa sababu sikuyaamini tena macho yangu mwenyewe.

Mama mwenye nyumba wangu, Mkongo wa Butembo anayeuza vitenge karibu na mpaka, aliniona nimekaa mlangoni na sahani ya chakula nisichokula.

“Munganga, unaogopa nini?” Ananiita hivyo, daktari, tangu siku niliyohamia kwake. Nimemweleza mara nyingi kwamba mimi ni mtu wa maabara tu, lakini kwake anayevaa koti jeupe ni munganga.

Nikamweleza. Akasikiliza huku akikunja vitenge vyake, kisha akasema, kama mtu anayekuelekeza njia ya sokoni: “Useme papa alikufaka. Pursantaji yako ya chuo ilianguka juu ya kilio. Mutu iko na kilio, nani atamuuliza maswali mingi?”

“Lakini baba yangu yuko hai, mama.”

“Bale baprofesa banamujua?”

Nilicheka, mara ya kwanza wiki ile. Lakini mzaha ule ulinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nilipokwenda nyumbani mwisho wa wiki haukuwa mzaha tena. Niliwasimulia wazazi wangu kama kichekesho, nipate kuona watacheka kiasi gani.

Mama hakucheka. Alikuwa akimenya ndizi, akakibwaga kisu kwenye beseni. “Usinichurie mume!” akasema. “Kifo kinaitika kikiitwa.”

Baba naye hakucheka. Aliuliza, “Wangeamini?” Kisha akasema kwa Kikonzo chetu cha nyumbani maneno ambayo mpaka leo nikiyaweka katika Kiswahili yananisisimua mwili: “Basi niue. Sema nilifia mlimani, wewe ukiwa mwaka wa pili. Mlima unaeleweka.”

Mama akatoka nje. Baba akamtazama akienda, akanigeukia. “Mwache. Mimi si nipo hapa? Maneno hayaui mtu.”

Nilipaswa kukataa palepale. Nilichosema ni “Tutaona.” Nilirudi Bwera juu ya bodaboda nikiwa nimejiogopa mwenyewe. Huwezi kujua umefikia wapi mpaka usikie mdomo wako ukisema “tutaona” juu ya kifo cha baba yako.

Chuo kilikuwa kimetuma jopo lake Kasese, wakakodi chumba katika hoteli moja mjini. Baba alisisitiza kunisindikiza. Alivaa koti la kanisani na kofia aliyoishusha mpaka kwenye nyusi. Tulipofika langoni akasimama.

“Mimi naishia hapa,” akasema. “Marehemu haendi kwenye usaili.”

Akavuka barabara, akakaa kwa mkaanga chapati, akaipa hoteli mgongo. Mimi nikapiga moyo konde, nikaingia.

Walikuwa watatu: mwenyekiti, mwanamume mmoja mwenye faili langu, na daktari mwanamke mtu mzima aliyening’iniza miwani kifuani kwa kamba. Walianza na maswali mepesi, na hata hayo niliyavuruga. Niliulizwa kazi ya ini nikaeleza ya figo, nikarudi nyuma, nikajisahihisha, jasho likinitiririka mgongoni.

Yule wa faili akafungua ukurasa. “Mwaka wa kwanza, vizuri sana. Kisha hivi. Kisha hivi.” Kidole chake kilikuwa kikishuka karatasini. “Umeandika changamoto za kifamilia. Changamoto gani?”

Nikakitazama kidole kile mpaka kilipoishia.

Daktari mwanamke akainama kidogo kunielekea, sauti yake ikalainika. “Ulifiwa?”

Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, tena kwa huruma. Sikuhitaji hata kusema uongo kwa mdomo. Kuitikia kwa kichwa tu kungetosha.

Nikatupa macho dirishani, nikamwona. Alikuwa ameshindwa kuvumilia, amegeuka. Ameshika kikombe cha chai asichokunywa, anazitazama kuta za hoteli bila kujua mimi niko nyuma ya dirisha lipi. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri nje ya wodi. Nikaingiwa na hofu. Si ile ya usaili, hiyo nilikuwa nimeizoea. Niliogopa kwamba nikiitikia kwa kichwa, mzee yule ataanguka pale alipo na chai yake mkononi. Nina shahada ya biolojia. Najua kwamba neno halisimamishi moyo. Niliogopa vilevile.

“Hapana,” nikasema. “Baba yangu yule pale.”

Wote watatu wakageuka. Daktari alisimama kabisa, akavaa miwani. Baba akaona nyuso zimejaa dirishani. Akaweka kikombe chini, akashika kofia yake, akaondoka upesi kadiri magoti yalivyomruhusu, akapotelea upande wa soko.

“Anakwenda wapi?” akauliza mwenyekiti.

“Anajificha,” nikasema. “Alikuwa amekubali kuwa marehemu kwa ajili yangu.” Kwa kuwa maji yalikuwa yamekwisha kumwagika, nikawaeleza yote, pamoja na mama na kisu chake.

Daktari akaziba mdomo kwa mkono. Yule wa faili hakucheka hata kidogo. “Basi alama zilishuka kwa nini?”

“Woga,” nikasema. Nikawaambia nilifeli mtihani mmoja wa kemia mwaka wa pili, mimi ambaye sikuwa nimewahi kufeli kitu, na tangu hapo kila karatasi niliyopewa niliiona ni ileile. Nilikuwa nasoma kuliko zamani na kuandika kidogo kuliko zamani. Nikifika kwenye swali ninalolijua, mkono unakufa ganzi.

“Na mgonjwa akikutia woga?”

Nilisema kila kipimo ninachosoma Bwera ninakiogopa, na kwa sababu hiyo ninakisoma tena. Yule wa faili akaandika kitu kirefu. Akaniambia niende.

Uamuzi wao ulikuja baada ya wiki nyingi: nimewekwa katika watu wa akiba. Mmoja akiacha nafasi yake, watanipigia. Naandika haya bado nikisubiri, simu iko mezani uso juu, na kila ikilia ni mama anauliza kama imelia.

Lakini siku ile hatukujua lolote. Nilimtafuta baba sokoni nikamkosa. Nilimkuta kwenye kituo cha bodaboda za kwenda kwetu, amekaa ukingoni mwa mtaro.

“Wameniona,” akasema kabla sijamfikia. “Nimekuharibia, mwanangu. Nilisema nitageuka mara moja tu.”

Nikamwambia mimi ndiye niliyewaonyesha. Mwendesha boda mmoja akauliza kama tunakwenda au hatuendi, baba akampungia mkono asubiri.

“Kwa hiyo hukusema nimekufa.”

“Sikusema.”

“Hata mazoezi hukufanya?”

Ningeweza kumdanganya, na pengine ingekuwa adabu. Nikamwambia ukweli: kwamba chumbani kwangu Bwera nilikuwa nimesimama mbele ya kioo nikajaribu kusema “baba yangu alifariki,” ili siku ya usaili maneno yatoke bila kukwama.

“Yakatoka?”

“Nililia, baba. Nililia mpaka mama mwenye nyumba akaja kugonga mlango, anauliza nani amekufa.”

Akageuza uso akatazama barabara. Nilidhani amekasirika.

“Ulilia sana?”

“Sana.”

Alivuta pumzi, akajipangusa macho kwa mkono wa koti. “Mimi sijalala tangu siku ile uliyokuja nyumbani,” akasema. “Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kweli.”