Nyumba Tuliyowaachia Wageni wa Mpira

Baba aliijenga nyumba yetu ya Kibenga, hapa Bujumbura, chumba kwa chumba, kwa mshahara wa mtumishi wa serikali. Nilipozaliwa ilikuwa na vyumba viwili na bati lisilo na dari. Nilipoolewa ilikuwa na sebule, baraza inayotazama ziwa, na jiko la nje ambamo mama alipikia kila siku ingawa la ndani lilikuwepo. Nyuma ya jiko alilima lengalenga, yaani mchicha, na mihogo kidogo kwa ajili ya majani yake ya sombe. Jioni viboko walitoka ziwani wakala majani ya kando ya barabara, na baba aliwatukana kwa Kifaransa, lugha ambayo nyumbani aliitumia akiwa na hasira tu.

Habari ya mashindano aliileta kaka yangu mkubwa, ambaye sisi wadogo wake wote tunamwita Yaya. Alikuwa na kazi katika ofisi moja Kigobe, na huko walikuwa hawazungumzi jambo jingine. Nchi nyingi za Afrika zingekuja kucheza mpira Bujumbura. Alikuja Jumapili baada ya misa, akakaa barazani karibu na baba, hata soda hakuifungua.

"Papa, wageni watakuja mingi," alisema. "Hoteli haziwezi kuwatosha wote. Delegasyo za timu, bajurnaliste ba redio, na bashabiki juu yake. Kila mutu mwenye nyumba huku karibu na ziwa anaitengeneza."

"Na sisi tutalala wapi?" baba aliuliza.

"Kwa Tantine, Bwiza. Iko na nyumba ya nyuma, haina mutu. Ni kwa muda kidogo tu, Papa. Mashindano ikiisha, munarudia."

Tantine alikuwa dada yake baba, mfanyabiashara wa samaki, mjane asiye na makuu. Mama, aliyekuwa akichambua mchele, aliuliza bila kuinua kichwa, "Na lengalenga yangu?"

Tulicheka. Yaya alicheka kuliko sisi wote, akamshika mama bega. Nataka ieleweke kwamba kaka yangu hakuwa mlafi. Baba alikuwa amestaafu, pensheni ilikuwa ikichelewa, na dawa za presha zilikuwa zikipanda bei. Yaya aliona mlango umefunguka, akatamani wazazi wake wapite kabla haujafungwa. Hata baba mwenyewe, ambaye maisha yake yote aliogopa madeni, alikubali kwenda benki na hati ya nyumba mkononi.

Majirani walikuwa wamewaza hivyo hivyo. Kila mtaa wa Kibenga ulikuwa na lundo la mchanga. Saruji ilipanda, rangi ikapanda, na fundi bomba uliyemzoea alikwambia subiri, ana kazi ya watu wengine. Kwetu waliweka mashine za baridi, wakabadilisha vyoo, wakapaka kuta rangi nyeupe. Wageni wangekuwa na magari, kwa hiyo jiko la nje lilivunjwa, na mahali pake pamoja na shamba la mama pakatandikwa pave, vitofali vya saruji, mpaka ukutani. Siku moja kabla ya mafundi kuanza, mama aling'oa lengalenga yote kwa mkono wake mwenyewe, akaigawa kwa majirani. Alisema si vizuri chakula kikanyagwe.

Baba na mama walihamia Bwiza na magodoro, masufuria na redio. Nyumba ya nyuma ya Tantine ilikuwa safi, lakini ilikuwa na vyumba viwili vidogo, na mlango wake ulitazamana na ukuta wa baa. Kiti kikubwa cha baba kiligoma kupita mlangoni. Walikigeuza huku na huku, mwishowe wakakiacha uani chini ya bati la Tantine. Baba alikaa humo mchana kutwa, katikati ya beseni za samaki, akijifunza kuishi bila upepo wa ziwa.

"Kuna joto," alilalamika.

"Joto la watu," Tantine alimjibu. "Kule kwenu mulizoea kuongea na viboko."

Mashindano yalipofika, mji ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona. Barabara zilifagiliwa, watu wa kila mtaa walivaa rangi za nchi, na timu yetu iliposhinda mechi moja tulikumbatiana na watu tusiowajua. Tantine alikaanga samaki karibu na uwanja tangu mechi ya kwanza, na jioni alirudi na beseni tupu, sauti imemkauka. Alipata. Friji aliyonunua baada ya hapo ingali sebuleni kwake.

Nyumba yetu ilipata wageni watatu, mashabiki wa timu moja ya mbali. Walikuwa watu wa heshima, walimsalimia baba kwa mikono miwili siku alipokwenda kuwaonyesha jinsi bomba la nyuma linavyofungwa. Timu yao ilifungwa mapema, wakafunga mizigo. Hakuja mwingine. Timu zililala hotelini, wakubwa vilevile. Mashabiki wa nchi jirani walivuka mpaka asubuhi na kurudi jioni, au walilala kwa ndugu zao, kama vile sisi wenyewe tungefanya. Yaya alishinda na simu mkononi. Kila ilipolia alitoka nje kuipokea, na kila aliporudi mama alimsogezea sahani.

Fainali ikapita, bendera zikashushwa. Kibenga ikajaa vibao vya nyumba zinazotafuta wapangaji, zote nyeupe, zote na pave, na bei ikashuka kila mwezi maana nyumba zilikuwa nyingi kuliko watu. Benki yenyewe haikujua habari za mpira. Yaya alijibana mshahara wake, akauza pikipiki, haikufaa. Mwishowe alimpata mpangaji, mwanamke wa kigeni aliyefanya kazi katika shirika la misaada, na sharti lake lilikuwa mkataba mrefu.

Yaya aliuleta mkataba Bwiza. Baba aliusoma wote, akiwa amekaa katika kiti chake uani.

"Kwa hiyo haturudi," alisema.

"Mutarudia, Papa. Tumalize kwanza benki."

"Mi sikuulizi kwa kukulaumu, mwanangu. Nauliza nijue."

Akatia sahihi juu ya paja lake, akamrudishia kalamu.

Kuanzia hapo baba alianza desturi ambayo mama hakuipenda. Jumapili baada ya misa alipanda basi mpaka Kibenga kuitazama nyumba. Hakuingia. Alitembea taratibu upande wa pili wa barabara, akatazama bati, akatazama mfereji kama umeziba, kisha akarudi. Mimi nilianza kumsindikiza kwa sababu miguu yake ilikuwa inavimba. Jumapili moja tulikuta tawi la mti limeangukia ukuta. Baba akavuka barabara kuligusa, na zamu, mlinzi kijana aliyeletwa na mpangaji, akafungua dirisha dogo la geti.

"Muzee, unatafuta nani?"

Nilifungua kinywa nimweleze. Baba akanigusa mkono.

"Apana, sitafuti mutu," alisema. "Napita tu. Hili tawi mulitoe, mvua ikikuja litavunja ukuta."

"Ndiyo, muzee. Nitamwambia patron."

Katika basi nilimuuliza kwa nini hakujitambulisha. "Yule mutoto anafanya kazi yake," alisema. "Ningemwambia mimi ni mwenye nyumba, angefungua. Halafu ningeingia nifanye nini?"

Aliugua majira ya mvua. Maji yalimjaa mwilini, daktari akasema moyo umechoka. Kitandani hospitalini alikuwa mpole, aliuliza habari za wajukuu, na mara mbili tatu alimwomba mama afungue mlango wa baraza hewa iingie. Mama hakumwambia kwamba hapo hapakuwa na baraza. Alifungua mlango wa wodi, akarudi kukaa. Akafa asubuhi, wakati mama ameenda kuchota maji ya kumwosha uso.

Kilio kilikuwa Bwiza, katika ua wa Tantine. Watu walijaa mpaka barabarani, wenzake wa kazi, wanakwaya wenzake mama, wanawake wa soko la samaki. Mwenye baa alizima muziki wake bila kuombwa, akatuletea viti. Watu walikuwa wema kweli. Lakini nilimwona mama akiwapokea wazee wa Kibenga na kuwaomba radhi, mmoja mmoja, kwa kuwapokea mahali padogo.

Siku ya maziko ilipokaribia, alituita mimi na Yaya ndani.

"Baba yenu hawezi kwenda makaburini bila kuaga nyumba yake," alisema. "Mufanye munavyoweza."

Yaya aliinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya viatu, na hakuyafuta. "Mi siwezi kwenda kuomba pale, Mama," alisema. "Siwezi."

Nikaenda mimi. Zamu alinitambua. Mpangaji alinipokea sebuleni kwetu, juu ya kochi lake, nikamweleza kwa Kifaransa changu cha shule kwamba mwenye nyumba amefariki, na kwamba tunaomba sanduku liingie kidogo tu kabla ya kanisa. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Alishika mdomo wake kwa viganja viwili. "Alikuwa yule mzee wa Jumapili?" aliuliza. Kumbe alikuwa akituona kutoka dirishani, akidhani baba ni jirani anayefanya mazoezi ya miguu. Alisema tuje saa tunayotaka, na tukae tunavyotaka.

Gari lilirudi kinyumenyume juu ya zile pave. Wanaume waliliweka sanduku barazani, juu ya viti viwili ambavyo mpangaji alikuwa amevitandika kitambaa cheupe. Katekista akasali. Mama alishuka ngazi za nyuma, akasimama mahali fulani kwenye saruji tupu, akageuka kidogo kushoto, akasogea hatua, kama mtu anayejaribu kukumbuka mlango ulikuwa wapi. Nikajua anatafuta jiko lake. Nilitaka kumfuata, lakini Tantine alinishika kanga.

Aliporudi barazani aliona kwamba mtoto wake wa kwanza hayupo. Yaya alikuwa amebaki nje ya geti, ameegemea ukuta, amevaa suti nyeusi ya kuazima. Mama alitoka mwenyewe mpaka barabarani. Tulisikia sauti yake.

"Njoo ndani."

"Mama, niache."

"Njoo umuage baba yako. Yeye hakukukasirikia hata siku moja, na mi sikukasirikii. Njoo."

Akaingia, ameshikwa mkono kama alivyoshikwa siku ya kwanza ya shule. Akapiga magoti kando ya sanduku, akaweka paji la uso juu ya mbao, na hatukumwondoa mpaka alipoinuka mwenyewe. Mpangaji alisimama pembeni ukutani, miguu mitupu, kama yeye ndiye mgeni. Tulipokuwa tunatoka, mama alimshika mikono yote miwili.

"Asante kwa kutupokea," alimwambia.

Nikalazimika kutafsiri.

Benki ilimalizwa, ingawa ilichukua muda. Mpangaji alikwenda nchi nyingine, na Yaya, ambaye nywele zake zimeota mvi kabla ya wakati, alimletea mama funguo. Alisema atavunja pave, atajenga jiko upya. Mama alizigeuzageuza zile funguo kiganjani. "Nirudie kukaa na nani?" alisema, akamrudishia. Sasa nyumba ina familia yenye watoto wengi, na kodi yake ndiyo inayomnunulia mama dawa. Nikisikia watu wakisema mashindano yale hayakuacha kitu, nawakumbuka Tantine na samaki wake, namkumbuka baba, na sijui nianzie wapi.

Mama yuko Bwiza bado. Humkuta mchana akichambua maharage na Tantine, wanabishana bei ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, na akicheka huficha pengo la jino lililotoka. Juzi nilipofika alikuwa amelala. Nikakaa mlangoni kumngoja, nikimalizia maharage aliyoyaacha kwenye ungo. Mvua ilianza kunyesha, watu wakakimbilia chini ya mabati ya baa, na mama akaamka akaniuliza kama nimekula.