Vifurushi vya Bibi Taipu

Aliyeanza ni jirani yetu fundi cherehani, ambaye sisi wapangaji tunamwita Redio kwa kuwa hazimwi. Alinikuta naanika nepi, akanivuta nyuma ya shuka.

"Shoga, yule bibi wa chumba cha pembeni anafanya magendo."

"Magendo gani, dada? Bibi wa watu hata ngazi anazipanda kwa kuzipapasa."

"Nimemsikia kwa masikio yangu haya mawili. Jumamosi iliyopita kasema, 'Vifurushi mia mbili na kumi na vinne! Haya, ingieni.' Wewe umeona gari hapa? Umeona hata mkokoteni?"

"Labda vifurushi vya simu."

"Mia mbili? Anataka kuongea na nani, na malaika?"

Akanituma nikachungulie, eti mwenye mtoto mgongoni hashukiwi. Sitasema nililazimishwa. Jumamosi ilipofika nilimbeba Kadogo wangu, nikaenda kuazima chujio.

Bibi Taipu, ndivyo tunavyomwita, anawachapia mitihani walimu wa shule tatu, na ndiyo kazi inayomweka mjini. Chumba chake kina kitanda, meza, printa iliyofunikwa kitambaa, na kompyuta isiyo na ubavu mmoja. Pale ubavu ulipokuwa amesimamisha sinia. Herufi A kwenye kibodi imefutika kabisa. Kwenye kioo, maneno yalikuwa yanateremka mbio kama mchele wa gunia lililotoboka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kidogo, vifurushi vinaingia."

Nikageuka kuangalia mlango. Aliponiona nimegeuka alicheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Redio kakutuma?"

Kadogo akajibu kwa kucheua.

Basi akanieleza. Vifurushi ni programu. Kila programu ya kompyuta hufungwa peke yake na walioitengeneza, ikaja kwa mtandao, ikafunguliwa humo humo ndani. Mashine yake inatumia Linux, programu mama ya kuendesha kompyuta, ya aina isiyosubiri toleo jipya la kila mwaka. Kila kifurushi kikitengenezwa upya, kinapokelewa. Nikasema, "Kama mtoto. Hakui kwa mkupuo siku ya kuzaliwa, anakua kila siku kidogo." Akasema nimelisema vizuri kuliko kitabu.

Alikuwa karani wa taipu miaka thelathini na mmoja. Kompyuta zilipoingia ofisini kwao aliambiwa amepitwa na wakati, akapewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. "Nikaapa," akasema, "mashine yangu mimi haitapitwa hata wiki moja." Saa yenyewe ameitundika juu ya meza. Ikigonga saa tatu asubuhi ya Jumamosi, anasasisha. Ana daftari la kila tarehe na idadi ya vifurushi, na sheria zake ameziandika kwa wino mwekundu: soma tangazo la watengenezaji kwanza, pokea vyote au uache vyote, nusu hakuna, ndipo ubonyeze Y, yaani ndiyo.

Nilirudi na chujio. Redio nilimwambia vifurushi vinapita kwenye waya. Akasema nimerogwa.

Jumamosi iliyofuata bibi alinipigia kelele dirishani. "Mama Kadogo! Njoo haraka!"

Kioo kilikuwa cheusi, na mistari michache ya maandishi meupe. Bibi alikuwa ameketi, mikono mapajani kama mwanafunzi aliyevunja kioo cha darasa. Mitihani ya shule zote tatu ilikuwa humo ndani, na Jumatatu asubuhi watoto wanaifanya.

"Nimebonyeza bila kusoma," akasema taratibu. "Siyo uvivu, mwanangu. Sioni. Macho yameweka ukungu tangu mwezi juzi, na sijamwambia mtu. Walimu wakijua, watapeleka kazi kwa yule mchapaji wa stesheni."

Nikamwambia mimi niliishia la saba, Kiingereza nakisoma kama kilivyoandikwa.

"Kisome hivyo hivyo."

Alinielekeza niizime, niiwashe, orodha ikitokea nishuke mpaka mstari wenye herufi l, t, s. Hicho ni kiini cha akiba, yaani moyo wa pili wa mashine, akasema; mwenye akili haendi safari bila tairi la akiba. Kadogo alinyoosha mkono wake wenye mate kwenye kibodi, nikauwahi. Kompyuta ikawaka, polepole, lakini ikawaka. Akanielekeza kufungua ukurasa wa matangazo, nikaanza kumsomea, kidole kwenye kioo:

"Re-mo-ve. Ol-d. Dri-ver. Be-fo-re."

"Befoore!" Bibi akapiga meza kwa kicheko. "Rimuvu! Kumbe walisema cha zamani kiondolewe kabla! Endelea, usiruke hata neno."

Sikuruka. Siwezi kuruka, maana nikiruka napotea. Tuliondoa kile kifurushi cha zamani cha kuendesha kioo, tukapokea vingine vyote, tukazima, tukawasha. Saa sita mchana printa ilikuwa inatema karatasi, na Redio amesimama mlangoni na futi yake shingoni.

"Haya, viko wapi vifurushi?"

"Vimeshaingia," bibi akamjibu.

"Vimepita wapi, mbona mimi nakaa mlangoni?"

Hata Kadogo alicheka, ingawa nadhani alicheka futi.

Redio alipoondoka bibi alinikalisha kitandani. Jumatatu, akasema, baada ya kukabidhi mitihani, anakwenda mwenyewe hospitali kuandikisha macho. Atapasuliwa, kisha atakaa kwa mwanawe wiki sita. Mashine ikikaa wiki sita bila kuguswa, vifurushi vitarundikana, na mrundikano ndio unaovunja.

Akachukua daftari, akafungua ukurasa mpya. Maneno aliyaandika makubwa ili ayaone mwenyewe: remove ni ondoa, before ni kabla, old ni ya zamani.

"Bibi, si umtafute msomi?"

"Wasomi wanasoma kwa kuruka. Mimi mwenyewe niliruka." Akaniwekea ufunguo wa chumba kiganjani, akaufunika kwa mkono wake. "Kila Jumamosi, saa ikigonga tatu, uniangalizie, mwanangu. Ukikuta neno ambalo halimo humu, usibonyeze. Nipigie simu unisomee hivyo hivyo unavyosoma. Na huyu mdogo mshike mkono, asije akasema ndiyo kabla yako."