Kuku Aliyechimba Bila Leseni

Mimi ni mtu wa kujua mambo yasiyo na faida. Najua kwamba hela ilikuwa sarafu ya Wajerumani. Wao waliondoka, sarafu ikaondoka, neno likabaki kama mgeni asiyejua kuaga. Najua kwamba sumuni maana yake ni sehemu ya nane, ingawa sumuni yetu ilikuwa nusu shilingi, na sijawahi kusikia mtu wa kijijini kwetu Samuye aliyekosa usingizi kwa ajili hiyo. Mimi nilikosa. Nafundisha sayansi sekondari, na nikikaa kimya kwa muda naona kama nimemwibia mtu.

Ndiyo maana siku tuliyokwenda kuposa huko Geita, mjomba wangu, aliyekuwa mshenga, alianza kunionya tangu stendi ya Shinyanga.

"Ukweni huna mdomo," aliniambia. "Ukiulizwa, itika. Usipoulizwa, tazama miguu yako. Ukianza habari za Wajerumani, tutarudi mikono mitupu, na mimi sipandi basi hili mara ya pili."

Nilimwahidi. Binti tuliyekuwa tunamfuata nilisoma naye chuo, na nilimpenda kwa sababu ya kipuuzi kabisa: nilipomweleza habari ya sumuni, wenzetu wote walipiga miayo, yeye akauliza, "Na zile saba nyingine ziko wapi?" Toka siku hiyo sikuwa na raha nikiwa mbali naye. Nilijua kwamba wasiponipa huyu, mwingine wa kuuliza swali kama lile simpati.

Kwao ni kwenye kitongoji cha wachimbaji, nyumba za bati zimebanana na maturubai, na mashine za karasha zinasaga mawe mchana kutwa hata mtu akikusalimia unaitikia kwa kukisia. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mwalo wa jirani, yaani ubao ulioinamishwa na kutandikwa magunia, ambapo mawe yaliyosagwa humwagiwa maji. Mchanga unakwenda na maji, dhahabu inabaki kwenye magunia. Kuku wa mtaa mzima walikuwa pale wakidonoa, na hakuna aliyewafukuza.

Tulipokelewa vizuri. Baba mkwe alikuwa mtu mnene wa maneno machache, na alikuwa amemwalika yule jirani mwenye mwalo awe shahidi. Mama mkwe alikaa jikoni, kama ilivyo adabu, akituchungulia kupitia pazia. Kabla ya yote tukaletewa kuku jike, mwekundu, akiwa hai. Kwa desturi ya nyumba ile mgeni wa heshima humgusa kuku wake mgongoni ndipo achinjwe, ili ajue hakuandaliwa kibudu.

"Kuku wako huyu, bwana," alisema baba mkwe. "Mguse."

Nilimgusa, akanidonoa kidole, watu wakacheka, wakaenda kumchinja. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno.

Baada ya muda tukasikia mama mkwe akipiga yowe jikoni. Binti akaingia amebeba kisosi kwa mikono miwili. Juu yake palikuwa na firigisi iliyopasuliwa, na pembeni yake punje ya manjano, kubwa kama mtama. Baba mkwe akaichukua, akaipima kiganjani, akaing'ata kidogo, akairudisha.

"Dhahabu," alisema.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Niliwaeleza, bila kuulizwa na mtu, kwamba kuku hana meno, kwa hiyo humeza changarawe ili firigisi isagie chakula, yaani kila kuku anatembea na karasha yake tumboni. Na kwa kuwa dhahabu ina uzito mara kumi na tisa wa maji ya ujazo uleule, vijiwe vingine vinasagika na kutoka, yenyewe inabaki chini, sawasawa na inavyobaki mwaloni. Nilieleza vizuri sana. Ningejipa alama zote. Mjomba alikuwa amefumba macho.

"Kwa hiyo," alisema jirani polepole, "mwalimu anathibitisha kwamba dhahabu hii imetoka mwaloni kwangu."

"Kuku ni wangu," alisema baba mkwe.

"Kuku alikuwa wako," mjomba akaingilia, maana damu ya ushenga ilimpanda. "Umemkabidhi mkwe mbele ya shahidi. Amemgusa. Kuku kafa akiwa mali yetu."

Basi hapo pakachafuka. Jirani alisema tusigombane, machimboni kuna utaratibu: mawe yakitoka duarani, yaani shimoni, yanagawanywa kwa mafungu, la mwenye eneo, la mwenye duara na la wachimbaji. Eneo ni lake. Duara, akimaanisha tumbo la kuku, ni la baba mkwe au la mkwe, hilo watajuana wenyewe. Limebaki fungu la mchimbaji.

"Mchimbaji ni nani?" aliuliza mjomba.

"Kuku," alijibu jirani.

"Kuku yuko kwenye sufuria!"

"Basi fungu la marehemu liende kwa warithi. Ana vifaranga?"

"Na huyo marehemu alikuwa na leseni?" mjomba aliuliza, na naapa hakuwa anatania.

Kutoka nyuma ya pazia mama mkwe akasema kwamba wanaume wamesahau fungu la mchenjuaji, yule anayesafisha dhahabu, na aliyempasua kuku na kuosha ile firigisi ni yeye. Hoja yake ndiyo ilikuwa na nguvu kuliko zote, kwa hiyo waliiruka. Mimi nilitamani kucheka, kisha nikamwona binti amesimama mlangoni, hacheki hata kidogo, na kicheko kikanikauka.

Nadhani baba mkwe naye alimwona. Alijifuta jasho, na nafikiri alianza kusikia maneno yatakayosemwa kesho kitongojini, kwamba fulani alimchinjia mgeni kuku kisha akamnyang'anya firigisi. Akasukuma kisosi mbele yangu.

"Chukua. Nilisema ni wako, ni wako na vilivyomo tumboni."

Ningechukua. Lakini mjomba alinishika mkono. Msukuma wa Samuye hapewi kitu cha thamani siku ya posa bila kujiuliza kitarudi vipi, na yeye aliona ng'ombe wa mahari wakiongezeka mmoja baada ya mwingine kwa sababu ya punje ile.

"Yaya," alisema kwa Kisukuma, na akaongeza kwa Kiswahili ili isieleweke vibaya, "hapana. Sisi tumekuja kuposa, hatukuja kuchimba. Dhahabu ibaki kwenu."

"Mnakataa nilichowapa?"

"Tunakataa kwa heshima."

"Hakuna kukataa kwa heshima! Mtu anayekataa firigisi yangu atamtunza vipi binti yangu?"

Watu waliokuwa wakiivuta punje ile kila mmoja upande wake sasa walikuwa wanasukumiana kama wamekuta nge. Jirani naye, alipoulizwa, akasema hataki mali yenye ugomvi. Kisosi kilizunguka meza. Baba mkwe akasema kama ni hivyo, mazungumzo yameishia hapo. Mjomba akachukua kofia yake, akaivaa, akasimama. Mimi sikusimama. Niliogopa vibaya sana, hofu ya mtoto aliyeachwa gulioni, na mambo yote ninayoyajua duniani hayakunisaidia.

Binti akaja mezani. Nilidhani anaondoa vyombo. Akachukua ile punje kwa vidole viwili, akaiweka mdomoni, akanywa maji kutoka kwenye bilauri ya baba yake, akameza.



"Sasa imekwisha," alisema. Akairudisha bilauri mezani mbele ya baba yake. "Nikibaki hapa, baba, dhahabu ni yako. Wakinichukua, wanaichukua na mimi ndani, na hakuna aliyempa mtu kitu. Lakini msivunje posa yangu na kunirudisha jikoni kwa sababu ya kuku."

Mpaka wakati huo nilikuwa nimejiona mimi ndiye niliyekuja kuomba. Sikujua kwamba na yeye alikuwa anaomba, nyuma ya pazia, tangu asubuhi. Machozi yalinitoka mbele ya wakwe, aibu iliyoje, na sikuyafuta.

Baba mkwe alimtazama binti yake. Uso wake ulikuwa mgumu, kisha tumbo likaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka hata akashika meza. Mama mkwe akasahau adabu, akaingia na mwiko mkononi kuuliza kama mtoto amepaliwa.

"Mleteeni ugali," alisema baba mkwe akijifuta macho. "Hajala tangu asubuhi, na dhahabu haishibishi."

Kisha akamgeukia mjomba, akamuuliza kama ng'ombe wa Samuye wana afya. Mjomba akavua kofia, akaketi.